Vizuizi vya tairi

Odile, usimpigie Baba simu kwanza. Soma hii.

Tulifika kambini ziwani leo mchana. Baba akalifungua tela letu la kulala kutoka kwenye gari. Mbwa wote wawili, Pilot na Tansy, walikuwa ndani. Tela likaanza kuteremka lenyewe kuelekea majini, mbwa wakibweka dirishani.

Mti ndio uliolizuia. Mbwa ni wazima, ila Tansy bado anatetemeka.

Nikamwuliza, "Baba, hukuweka vizuizi vya tairi?"

"Nimeweka mwenyewe. Leo unanifundisha kazi?"

Kweli alikuwa ameviweka, tena vizuri, mbele na nyuma ya tairi. Chini ya tela la jirani.

La jirani, Odile. Letu ni jeupe, lile ni la kijani.

Jirani mwenyewe, Lorne, akajaribu kutuchekesha: "Ahsante, mzee. Langu sasa haling'oki hapa."

Baba hakucheka. Alivitazama vile vizuizi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amevihamisha?"

Nani amevihamisha. Baba, ambaye hakuwahi kuniruhusu nifungue mlango wa tela kabla hajakagua tairi.

Kesho mimi narudi kazini. Yeye anaendelea na safari peke yake na mbwa hadi Septemba, kama kila kiangazi tangu Mama afariki.

Nimechukua funguo za gari, ziko mfukoni mwangu. Sasa hivi anazitafuta chini ya viti. Ameniita nikamsaidie, ati macho yangu ni makali kuliko yake.

Naenda kumsaidia kuzitafuta.