Majibu ya Damu ya Mghoi

Shirere, Kakamega

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote hapo Mwatate. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tunapumua, ila siwezi kusema sote ni wazima. Barua yangu iliyopita ilikuwa fupi kwa sababu ya aibu. Nilikwambia tu kwamba somo wako Mghoi anameza vidonge, na kwamba vinamfurisha uso. Leo nakueleza yote.

Alianza kwa kuvimba vidole na kuwa mwekundu mashavuni. Baadaye nywele zikawa zinatoka, na asubuhi anaamka na macho yamefura. Daktari wa watoto hapa mjini akamtoa damu, ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, nilipewa mimi bahasha nimpelekee daktari. Sikuweza kungoja, nikaifungua hapo hapo kwenye ngazi. Maneno mengi sikuyaelewa, lakini moja nililijua: “positive.”

Mama, unajua neno hilo siku hizi watu wanalisikiaje. Nikajua ni Ukimwi. Niliificha karatasi chini ya godoro na siku nne sikurudi kwa daktari. Nilikuwa nikimtazama baba yake, najiuliza ameutoa wapi. Chakula nampakulia, neno simpi. Siku ya nne tulikuwa tunapukuchua mahindi, Makokha akaniuliza, “Mama Mghoi, kwani nimekukosea nini? Hukuwanga hivi.”

Nikamletea karatasi. Aliisoma mara mbili. “Kama ni mimi nimeleta, nitakubali,” akasema. “Lakini mtoto aende kwa daktari leo.”

Daktari ni mama wa umri wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Hiki si kipimo cha Ukimwi. Huo tulimpima hapa, na hana.” Nililia mbele yake. Makokha akageukia dirishani. Lakini daktari hakutabasamu. Alitueleza kwamba kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, kwa Mghoi imegeuka, inaushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, na sasa figo. Ugonjwa unaitwa lupus. Damu imeonyesha alama za hiyo kinga iliyopotoka, na mkojo una protini, maana yake figo zinavuja.

“Siku hizo nne angekuwa ameshaanza dawa,” akasema, bila ukali wowote. Hilo linanichoma mpaka leo.

Mghoi alikuwa anasikiliza kila kitu. Akauliza, “Kwa hivyo mwili wangu umenikasirikia?”

“Hapana,” daktari akamjibu, “umekosea adui tu. Dawa itautuliza.”

Umeniuliza kwa nini tusiviache vidonge kama vinamfurisha uso. Mama, haviachwi ghafla. Mwili ukishavizoea, kuvikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha, hata kumuua. Daktari ndiye atakayevipunguza, kidogo kidogo. Vinampa njaa, anakula sima ya watu wawili. Pia vinamfanya ashikwe upesi na maradhi mengine, kwa hiyo mtu mwenye kikohozi simkaribishi ndani, na majirani wameanza kuninunia. Juani hatoki bila kofia, maana jua linauchochea ugonjwa huu.

Wiki iliyopita walipima mkojo tena. Protini imeshuka, haijaisha. Vidole sasa vinashika kalamu. Nilimuuliza daktari kama atapona. Akasema wako wanaoishi vizuri miaka mingi wakifuata dawa, lakini kuahidi hawezi. Basi na mimi siwezi kukuahidi. Kila asubuhi, kabla sijamsalimia, namwangalia macho kwanza.

Nisalimie kaka yangu wa kinu cha kusaga, na shangazi wa kwaya. Mwalimu anayekusomea barua hii naye namsalimu, na namwomba haya ayaweke moyoni mwake.

Picha uliyoomba sijaituma kwa sababu Mghoi amekataa kupigwa. Anasema bibi yake hatamtambua na mashavu haya. Nimemwambia utamtambua, hakuniamini. Kama goti litakuruhusu, njoo shule zikifungwa. Tutakungoja stendi. Ukishuka utaona msichana mwenye kofia amejificha nyuma yangu. Mwite jina lake wewe kwanza, kabla mimi sijasema kitu.

Ni mimi mwanao,
Wakesho