Tangu Waliponipunguzia Dawa

Dokkum, Machi

Mdogo wangu mpenzi Sjoukje,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Magoti yaliyokuzuia kuja tangu kiangazi yanaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, na safari hii nasema hivyo kwa dhati. Uuvumilie mwandiko wangu. Ni muda mrefu sijaandika.

Unakumbuka mwaka juzi nilipopata maambukizi ya mkojo, homa ikapanda, nikaona bahari inaingia chumbani, nikampiga mhudumu wa hapa kwenye nyumba ya wazee. Wakanianzishia dawa ya kunituliza. Homa ikaondoka, bahari ikaondoka, dawa ikabaki. Nikawa mtu wa kukaa dirishani, mate yakinitoka, nikilishwa supu ya njegere kwa kijiko.

Majira ya kiangazi yaliyopita akaja daktari mpya, Hylkema, mwanamke mwenye sauti ya muuza samaki. Aliwauliza wahudumu mbele yangu natibiwa nini. Wakasema mimi ni mkorofi. Akauliza nilikorofisha lini mara ya mwisho. Hakuna aliyejua. Ndipo akaniinamia: “Mzee Wiebren, tutakupunguzia kidogo kidogo. Ukirudia kupiga watu, uanze na mimi.”

Mwanzoni ilikuwa taabu. Usingizi ulipotea, na asubuhi moja nikamtukana Tjitske, yule mhudumu mnene, kwa sababu ya chai ya baridi. Badala ya kununa akaita wenzake kwa kelele: “Jamani, njooni! Babu katukana! Kumbe yumo!” Siku hizi natembea mwenyewe hadi chumba cha kulia, na kwenye karata namfunga Tjitske mpaka ananiita mwizi. Namshukuru Mungu kwa hao wawili.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Sjoukje, Jumapili zote ulizokaa kando yangu, nilikuwa nakusikia. Ulimi tu ndio uliogoma. Nilikusikia ukilia, ukisema wewe ndiye uliyekubali dawa iendelee, maana uliogopa nisije nikafukuzwa hapa, na kwamba umemzika kaka yako angali hai. Hukunizika. Uliogopa, kama ambavyo ningeogopa mimi kwa ajili yako. Kila juma nilisubiri sauti yako, na kwa sauti hiyo nilijua kuwa bado nina watu. Sikuweza kukwambia. Leo nakwambia: asante, mdogo wangu.

Nisalimie Douwe na wajukuu. Jumapili, magoti yakikuruhusu, njoo mapema. Tuna mengi, na safari hii hutaongea peke yako.

Ni mimi kaka yako,
Wiebren