Goti Nililompigia Baba Mdogo

Magamba, Lushoto
Jumapili jioni

Dada yangu mpenzi Paskalina,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mama mgongo umempoa kidogo. Mimi mzima, na Anselm wangu mzima pia. Dada, mwanamume huyu hata akikunja shati namtazama kama siku ile kanisani.

Ila kwao ndiko nisikopendwa. Wifi Modesta husema mbele yangu kwamba sisi wachuma chai hatuna ukoo wala adabu. Anselm amepata kazi ya kuongoza wageni Sigi, karibu kabisa na nyumbani kwetu, lakini mama mkwe alitamka kwamba aende peke yake, mimi nibaki nifundwe adabu. Nililia hadi macho yakavimba.

Jana Anselm alitupeleka, mimi na watu wa kwao, kambini anakofanya kazi sasa hapa Magamba, tujifunze mchezo wa kupigana kwa bunduki zinazofyatua risasi za rangi. Alinivalisha mwenyewe kinyago cha kukinga macho, taratibu, vidole vyake shingoni mwangu, akanieleza kwamba ukipigwa unainua mkono unatoka. Mama mkwe alikaa nyuma ya wavu. Modesta alikwenda upande wa pili, akasema leo ndiyo atanipamba kwa rangi kama bi harusi.

Mara baba mdogo Elinuru, mdogo wake baba mkwe, naye wa upande wa Modesta, akachomoza nyuma ya mti, bunduki yake ikinielekea kifuani. Nikashusha yangu, nikapiga goti, nikamwamkia. Naye akashusha yake aitikie marahaba. Papo hapo Modesta akanifyatulia mgongoni, tena na tena. Zinauma, dada. Wakacheka wote, Modesta akiuliza ni mjinga gani huamkia vitani.

Anselm hakucheka. Alimwendea mama yake, akamwambia, "Mama, ulitaka abaki afundwe adabu. Mtu anayeamkia akiwa ameelekezewa bunduki, utamfunda nini tena?"

Mama mkwe akajibu bila kunitazama, "Mchukue. Akikushinda, usiniletee mimi."

Tunahamia Sigi Jumatano.

Sasa hili usimwambie mtu, hata mama. Haikuwa adabu. Nilijua baba mdogo hawezi kumpiga mkwewe anayemwamkia, na kidole changu kilikuwa tayari kufyatua. Modesta angechelewa kidogo tu, ningempaka yule mzee rangi kifua kizima. Anselm hajui, na kwa jinsi anavyonitazama kwa fahari, sitamwambia.

Nisalimie wote wanaotuombea mema. Wa huku nitawaaga mwenyewe, kwa goti.

Mdogo wako mwenye raha,
Bertha