Siku Niliyomnywesha Baba Kahawa Yake

Jumamosi, Julai. Baridi, mawingu, manyunyu tangu alfajiri. Mlima hauonekani kabisa.

Nimekasirika, na ninaandika nikiwa bado nimekasirika, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu leo apite tu.

Asubuhi nilikaanga kahawa. Jirani yangu hapa Sombetini, ambaye tunatumia naye ua mmoja, akatoka kuuliza naunguza nini. Huuliza kila nikikaanga, na kila mara namjibu kwamba siunguzi, nakaanga. Ananiona nina wazimu. Msichana wa Kimeru mwenye kazi ya ofisini mjini, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa anageuza kahawa kwa mwiko kama muuza karanga, wakati dukani kahawa ya kopo ipo. Unachota kijiko, unamimina maji ya moto, mambo yamekwisha.

Sitaki kopo. Hapo naomba nieleweke.

Mimi nyumbani nina njia zangu tatu, inategemea nimeamkaje. Siku za kazi ni sufuria. Maji yakichemka naepua, natia kahawa niliyotwanga, nakoroga, nafunika. Ikishatulia nanyunyizia maji baridi kidogo na unga unazama wenyewe. Ukiirudisha motoni umeiharibu, itakuwa chungu kama shubiri, na lawama utaitupia kahawa. Baridi ikizidi kama leo, naanza kwa kuchemsha tangawizi iliyopondwa, kahawa inaingia mwisho kabisa. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ya kitambaa. Nimeshona mfuko mdogo wa kitambaa cheupe kwenye duara la waya. Natia kahawa humo, namimina maji kidogo kidogo, inadondoka kwenye birika kwa wakati wake. Haiharakishwi. Ukiitazama utadhani ni nyepesi, ukiionja unakutana na utamu wa lile tunda jekundu tulilokuwa tukilinyonya shambani tukiwa watoto, tukijificha.

Kwetu hakuna aliyenifundisha haya. Huko juu Meru tulilima kahawa, tukanywa chai. Tulichuma, tukamenya, tukaanika, tukachambua kwenye vichanja mpaka macho yakauma, na sikuwahi kuona hata kikombe kimoja cha kahawa mezani kwa baba. Aliyekaanga kahawa ya nyumbani alionekana mwizi. "Mnataka kunywa ada zenu?" baba alikuwa akituuliza. Kahawa ilikuwa ya kupeleka kwenye chama cha ushirika, na fedha yake ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na migomba.

Sasa chama kimelala. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa walikuja na magari yao na mizani yao, tukashangilia. Halafu bei ikaanguka, magari nayo yakapotea. Majirani wengi wameng'oa mibuni wakapanda nyanya. Siwalaumu, watoto hawali kumbukumbu.

Ila leo zamu imefika kwetu.

Baba na kaka yangu Elibariki walishuka mchana. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kaka akanitolea zawadi kwenye mfuko: kopo la kahawa. Alisikia kwamba naipenda. Nikashukuru kwa mikono miwili, maana nimelelewa, nikaliweka juu ya kabati. Mtoto wa mkulima wa kahawa ameingia dukani kumnunulia kahawa dada yake, mtoto wa mkulima yule yule. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Kisha wakasema kilichowaleta. Jumatatu vibarua wanaanza kung'oa mibuni yote, na mbegu za nyanya zimeshaatikwa. Hawakuja kuniuliza. Mtoto wa kike haulizwi habari za kihamba, shamba la ukoo ni la wana wa kiume. Walikuja kunipa taarifa tu, kwa heshima, kwa sababu ile mistari miwili ya chini, karibu na mfereji, ni mimi ninayekwenda huko juu baadhi ya Jumamosi kuipogoa na kuichuma. Kahawa yangu yote inatoka pale. Wakiing'oa sina tena cha kukaanga, na sina tena cha kunirudisha shambani kwetu.

Chai sikupika.

Nilichukua ule mfuko wa kitambaa nikaanza kumimina mbele yao, polepole, kwa makusudi. Kaka akaangalia saa. Baba akasema yeye kahawa hanywi.

"Baba, leo chai hakuna," nikamwambia.

Sijawahi kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Nikamsogezea kikombe.

Akainywa. Sitadanganya kwamba alitokwa na machozi au alinisifu. Alitia sukari, akaongeza nyingine, akanywa tena, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Basi.

Nikaona nikinyamaza sasa nimekwisha. Nikaomba ile mistari miwili ibaki, iwe yangu.

"Mtoto wa kike haombi shamba," kaka akasema.

"Siombi shamba. Naomba miti."

"Na ukiolewa je?"

"Nitakuja kuchuma nikiwa nimeolewa."

Akasema leo naomba miti, kesho nitaitaka na ardhi iliyo chini yake, akatoka nje kupiga simu. Nakiri hapa, kwa kuwa kaka hasomi ninayoandika huku: hajakosea. Miti haisimami hewani. Nimeipalilia ardhi ile tangu nikiwa sijui kusoma, na ninaitaka.

Baba alimaliza kikombe, akavaa koti lake, na alipofika mlangoni akaniambia kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kwamba mpaka wa maneno hauzuii panga. Akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na kikombe chake mkononi, nikidhani amenikatalia. Mpaka nilipokuwa naosha vyombo ndipo nikaelewa. Huku kwetu mpaka ni masale, yale majani marefu ambayo mtu akishayapanda, shamba limeshasemewa. Hakuna anayeyagusa hovyo. Anayeyang'oa anaitwa mbele ya wazee wa ukoo kujieleza, na mzee wa kwanza kwenye kikao hicho ni baba. Alikuwa ananielekeza cha kufanya, bila kukitamka mbele ya kaka.

Wanaopanda masale ni wanaume. Sijawahi kusikia mwanamke aliyethubutu.

Kesho ni Jumapili. Kwetu siku hiyo mtu hashiki jembe, na njia ya kutoka kanisani inapita kando ya mfereji, kwa hiyo usharika mzima utaniona. Vizuri. Nawataka wanione, mashahidi wakiwa wengi ndiyo salama yangu. Wapo watakaosema mshahara wa mjini umenipanda kichwani. Wengine watasema ndiyo maana sijaolewa. Waseme.

Nitayapanda masale kuizunguka mistari yangu miwili, mchana kweupe, nikiwa na gauni la ibada. Jumatatu vibarua wakifika, kaka awaonyeshe kwa mkono wake mwenyewe waanze kung'oa wapi.