Kikopo Nyuma ya Mulango

Kamembe, tarehe 5 mwezi wa sita 2023

Kwako mujomba Vénuste,

Jambo sana. Bibi yako na batoto ba kule Kadutu, Bukavu, banaamuka muzuri? Mugongo yako inaendelea je? Huku tuko, ni tumbo yangu tu njo inakataa chakula, na haiko malaria. Naandika juu unajua ku simu mudomo yangu inafunga. Kamikazi mwenye anauzishaka maziwa atakupatia hii karatasi akisha kuvuka mupaka.

Mujomba, kuko kitu niliona mu garaje, inanitapisha.

Kuko mama moja, Nyirabagenzi, mujane wa Nzahaha. Anabebaka tomate ya bamama ba kule mpaka soko ya Kamembe na motokari yake, Toyota ya otomatiki. Juma ilipita aliileta: mushale ya vitesi, yenye inaonyesha mbio, inaanguka ku sifuri na motokari iko inatembea, kisha bwati, ile sanduku ya gia, inakwama mu vitesi ya tatu, haipande, haishuke. Ku mulima inalia kama ng'ombe inazaa.

Patroni Hugues, mwenye garaje, hakupima kitu. Alichomoa kale kachuma ka kuangalia mafuta ya bwati, akaingia nako nyuma ya mulango, akatoka. Akamuambia, "Maman, nusa weye mwenyewe, kesho usiseme Hugues alikudanganya." Mama akanusa, akafunga macho. Huku unajua kila mwenye motokari anaaminiaka pua yake: mafuta ikinuka kuungua, bwati ni maiti, hakuna kubishana.

Lakini mie nilikuwa chini ya motokari ingine, niliona mukono yake. Nyuma ya mulango kuko kikopo ya mafuta ya kuungua, ilitoka mu kamyoneti moja zamani. Nyeusi, inanuka kama nywele ya kuchoma, mainzi imekufa ndani. Njo alichovya mule. Kisha akapelekea mama ya bantu ku pua.

Sasa anataka kutoa bwati nzima, aweke ingine ya okazio, ya kutumika, na ile ya mama ibakie ya patroni. Mama anasema atauzisha shamba alipe. Ile shamba njo chakula ya batoto yake bane.

Mie nawaza ni kapteri ya vitesi tu, kale kadude kenye kanaambia ordinateri, ule ubongo ya ndani, motokari inakimbia namna gani. Lakini mie nilikomea ku ya tatu ya shule ya primaire, nani atanisikia. Weye njo ulitufundisha kazi, mie na patroni mwenye alinitangulia. Nipime namna gani?

Mutoto wako,
Jules


Bukavu, tarehe 8 mwezi wa sita

Mutoto wangu Jules,

Tuko, Mungu anatuangalia. Mugongo ni ya muzee, inauma na nimeizoea. Bibi yangu anakusalimia, anauliza utaoa lini ao unangojea muntu akutongoze weye.

Sikia. Chomoa fishi, ile kichwa ya nyaya yenye iko ku kapteri, utaona tuchuma tubili. Weka kipimo ya umeme pa ile alama inafanana na chungu ya kupindua, gusa tuchuma tote. Ukiona mia tano na kitu, uzi ya ndani iko muzima. Usipoona namba, imekatika. Kisha nyanyua mupira moja na kriki, ile jeki, weka neutre, bwati isishike vitesi, muntu azungushe mupira na mukono: ku kipimo umeme kidogo inapaswa kuruka. Ikilala, ni kapteri. Fuata pia uzi yenye inaenda ku ordinateri, panya banaipendaka. Ku mwisho chomoa kapteri yenyewe, angalia pua yake: ikiwa na ndevu ya unga ya chuma, pangusa, pima tena. Kapteri mubaya inaweza kufanya bwati muzima ionekane imekufa.

Lakini usiongee mbele ya bantu. Hugues njo anakulisha.

Mujomba wako,
Vénuste


Kamembe, tarehe 12 mwezi wa sita

Mujomba,

Salamu kwenu bote. Bibi yako umuambie bado naogopa bakwe. Tumbo bado.

Nilipima siku ya posho, jumamosi, saa sita, patroni alienda kula. Shema, ule tunatumika naye, alizungusha mupira. Umeme haikuruka hata. Ku chungu ya kupindua hakuna namba. Nilichomoa kapteri, ilikuwa na ndevu kama muzee wa musikiti, nikapangusa, nikapima tena: hakuna. Uzi ya ku ordinateri haina shida. Kisha nikapangusa kale kachuma na kitambaa safi, nikachovya mu bwati ya mama kweli kweli. Mafuta nyekundu, hainuki kitu.

Patroni akanikuta.

"Nani alikutuma?"

Nikarudisha kachuma mahali pake.

"Weye kuandika jina lako tu ulimi inatoka inje, leo uko muganga wa bwati?"

Shema akacheka sana, na yeye njo alizungusha mupira.

Nikaangalia chini, nikasema, "Patroni, ile kikopo ya nyuma ya mulango ni ya nini?"

Hakukasirika. Njo iliniogopesha. Alipangusa vidole, kimoja kimoja, akasema, "Uliza mujomba wako."

Sasa nakuuliza. Ulinijibu yote, lakini kikopo ulipita pembeni yake kama muntu amekuta mavi mu njia.

Mutoto wako,
Jules


Kamembe, tarehe 26 mwezi wa sita

Mujomba,

Natumaini uko na afya. Kamikazi anasema alikupatia karatasi ku mukono, ukasoma umesimama, ukakunja, ukaingia nayo mu nyumba. Juma mbili sasa nangojea jibu.

Maman Nyirabagenzi anakuja kila asubui, anakaa juu ya mupira ya kuisha, anaangalia motokari yake kama muntu anachunga mugonjwa. Bamama ba Nzahaha tomate inabaozea. Jana aliniletea avoka. "Kula, mutoto, unakonda." Nilikula juu alikuwa ananiangalia. Nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Patroni anakata chapati na ile vidole yenye ilishika kikopo, anamucheka mama nyuma ya mugongo, anamuita "pua". Shema anacheka. Na mie nainama ku kazi yangu. Naoga na sabuni ya mawe lakini naona ile harufu iko inatoka ku mie.

Siku ya tano, ijumaa, munuzi wa shamba atakuja na karatasi ya kutia kidole.

Mutoto wako,
Jules


Bukavu, tarehe 28 mwezi wa sita

Jules,

Leo sikuulize afya, sina uso ya kuuliza.

Kikopo ni mie. Niliianzisha mu garaje yangu, weye ukiwa ungali unabebwa mu mugongo. Hugues alikuwa ananishikia funguo, nikamuambia, "Muntu anaweza kukatalia mudomo yako, hawezi kukatalia pua yake." Alicheka, na mie nikacheka. Bwati zenye nilitoa zikiwa muzima, najua zote, na sura ya benyewe. Nyumba yenye ulikomalia ilijengwa na ile harufu. Mama yako hakujua.

Nakutumia kapteri, niliichomoa mu Toyota moja ya kufa iko mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, ni sura moja na ile ya mama. Muwekee. Lakini nakuomba, asijue jina langu. Niko muzee.

Mujomba wako,
Vénuste


Kamembe, tarehe 3 mwezi wa saba

Mujomba Vénuste,

Jambo. Tumbo ilipona.

Siku ya tano Maman Nyirabagenzi alikuja na munuzi, muzee moja wa Rwimbogo, wino iko tayari. Mudomo yangu ikafunga, kama kila siku. Njo nikachukua kale kachuma, nikapangusa, nikachovya mu bwati yake mbele ya bote, nikamusogezea mama ku pua. Akanusa. Nikaenda nyuma ya mulango, nikaleta kikopo, nikaitua ku miguu yake. Akainama, akanusa. Ule munuzi pia akainama, akatema mate.

Mama akapangusa pua na kitenge. Kisha akaita, "Hugues, kuja unuse na weye."

Patroni akasema ile ni mafuta ya kutoa kutu.

"Kuja tu, mutoto wangu. Ulininusisha, leo nakunusisha."

Hakukuja. Shema hakucheka.

Niliweka kapteri, mama akawasha. Tulipanda mulima ya soko naye, mushale inapanda, bwati inabadilisha yenyewe, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Munuzi alirudi kwake na wino yake. Nilikuta patroni amenitupia mufuko inje. Sasa niko kwa Karim, anatengenezaka mapikipiki, ananipa kona moja ya kazi.

Mu njia mama aliniuliza nani alifundishaka bantu kitu ya vile. Nilimuambia jina lako, na la baba yako, na mutaa.

Kapteri yako niliipima kabla ya kuiweka. Mara tatu. Zamani kitu ikitoka ku mukono yako, nilikuwa naweka tu. Ilionyesha mia tano makumi sita. Iko muzima.

Mutoto wa dada yako,
Jules