Nta ya Krismasi ya Baba Yenu

Lucia,

Maharage yameiva, ugali mtasonga wenyewe. Nimewahi jumuiya.

Hiyo nta ya nyuki kwenye gazeti msiiguse. Asubuhi kaileta Mzee Kalisti, mrina asali wa Ugalla, zawadi yake ya kila Krismasi kwa baba yenu, ya kung'arishia vigoda alivyochonga Jumapili. Hana habari. Akauliza, "Fundi wa Jumapili bado amelala?" Nikashindwa kumwambia tulimzika Juni. Nikasema, "Ametoka kidogo." Nilivyosema hivyo, mwenyewe nikageuka kutazama njia.

Mzee akacheka. "Mwambie nadai kigoda changu, mwaka wa tatu huu!"

Kigoda chenyewe nimekikuta uvunguni, kimebaki msasa na nta tu. Mjomba Hezron akija kuchukua vifaa, ~~mpe vyote~~ mpe misumeno na patasi. Randa aiache. Najua nilimwahidi, ila mpini wake bado una alama ya kidole gumba cha baba yenu.

Ukipita dukani ninunulie msasa laini. Nitakimaliza mwenyewe, na mkinicheka sawa tu. Jumamosi nakipeleka Ugalla. Nikishamkabidhi Mzee mkononi, nitamwambia.

Mama