Pumzi za Ama Rozalia

Mbulumbulu, Karatu
Alhamisi, 17 Julai

Kwako kaka Modest,

Shikamoo. Nitakayokuandikia humu sijamwambia mtu yeyote, si mama, si katekista, si hata Lightness ninayekaa naye dawati moja. Nakutangulizia hilo kwa sababu najijua. Nikianza na habari za shamba naweza kufika mwisho wa karatasi bila kulisema.

U hali gani huko Digodigo? Dickson alituambia umepewa darasa la tatu lenye watoto tisini, na kwamba ukitaka mtandao mpaka upande kilima. Ndiyo maana nampa barua aje nayo kwenye gari lake, akisafiri Jumatatu. Sisi hatujambo. Mgongo wa mama umepata nafuu. Maharage tumeanza kupura. Baba anasema siku ukija usije mikono mitupu, ulete ndizi za huko, maana anasikia mna maji ya mfereji na sisi huku tunatazama mawingu tu.

Kaka, lile daftari lako la kijani, "Njia za Mkato", nimelitumia mpaka jalada limetoka. Bado nacheka nikifungua ukurasa wa kwanza: "Sevu kabla ya kuanza, sevu ukimaliza, sevu hata ukienda chooni. R ni kurekodi. S ni kukata. Ctrl na Z ni kuomba msamaha." Na ule mwingine: "Nyamazisha wote, bakiza mmoja, utajua nani anaimba vibaya. Usimwambie."

Ulipoondoka, Mwalimu Wilibrodi wa kwaya alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kurekodia, nyuma ya sakristia. Unanijua, mbele ya watu siwezi kusema hata jina langu likasikika. Lakini nikivaa hedifoni na kwaya iko upande wa pili wa kioo, nainua mkono tu na watu wazima arobaini wananyamaza. Niliipenda hali hiyo. Nilijifunza kufanya kila kitu kwa vitufe bila kugusa kipanya. Nilijifunza pia ukurasa wako wa kumi na nne, namna ya kuondoa pumzi: unatafuta kile kivimbe kidogo kabla ya neno, unakikata pande mbili, unakifuta, unaunganisha. Mwalimu Wilibrodi alisema kwaya yetu sasa inasikika kama ya mjini. Alisema mbele ya wote kwamba nimekupita. Nisamehe, nilifurahi.

Mwezi wa tano tulianza wimbo wa mavuno. Ubeti wa kati ulikuwa wa mtu mmoja, na huyo alikuwa Ama Rozalia, bibi yule mke wa Mzee Yohani, jirani yetu wa juu. Nadhani habari za msiba wake zilikufikia. Unakumbuka kifua chake. Alikuwa akipumua katikati ya mstari, wakati mwingine katikati ya neno, na pumzi yenyewe ilikuwa na mluzi. Kanisani hakuna aliyeona tatizo, lakini kwenye hedifoni mimi nilisikia pumzi tu. Siku ya kurekodi, kwaya ilipokwisha kuimba sehemu yake, Ama alibaki akaimba ubeti wake mara tatu. Kila mara nilimwomba arudie. Mara ya tatu alishika kingo za kiti, akaniuliza kwa upole kama ile haitoshi. Nikamjibu kwamba sauti haijawa safi, arudi Jumapili. Akasema haya, mjukuu wangu, nitarudi. Akaondoka taratibu, na mimi sikumsindikiza hata mpaka mlangoni.

Jumatatu kompyuta ilikataa kuhifadhi, nafasi ilikuwa imejaa. Mara zile tatu za Ama nilikuwa nimeshaziondoa kwenye wimbo, nikingoja aje aimbe upya. Nikafungua daftari nikakuta amri ya kusafisha: inafuta rekodi zote ambazo hazitumiki kwenye wimbo. Chini yake ulipiga mistari miwili na kuandika, "Kwanza nakili kwenye flashi." Flashi ilikuwa nyumbani. Niliona uvivu kuifuata, nikabonyeza. Nafasi ikapatikana, nikajiona mjanja.

Jumapili Ama hakuja. Alikuwa amelazwa Karatu tangu Ijumaa. Jumatano iliyofuata akafariki.

Jioni ile ile Mwalimu Wilibrodi alikuja nyumbani kuniambia kwamba familia imeomba ule wimbo upigwe makaburini, sauti ya mama yao isikike mara ya mwisho. Sikuweza kumwambia. Alikuwa anafuta machozi na leso, na mama alikuwa amesimama pale pale. Nikasema ndiyo, mwalimu, nitautayarisha. Nilikwenda, nikabonyeza Ctrl na Z mpaka kidole kikauma. Amri ile haina msamaha.

Kaka, sauti iliyopigwa makaburini ni yangu.

Niliimba mwenyewe, peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Nikaishusha hatua mbili kama ulivyonifundisha, nikaitetemesha kidogo, nikaiwekea mwangwi. Pumzi zangu zote nilizikata, kwa kuogopa mtu asije akazitambua. Ilipopigwa, wanawake walilia mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Yohani alivua kofia. Baadaye alinishika mikono miwili akanishukuru, na kijana wake akamwekea wimbo kwenye simu. Tangu siku hiyo nikipita kwao kwenda shule nausikia, akikamua unalia, akichambua maharage unalia. Nimekuwa nikizunguka kwa njia ya bondeni nisiusikie.

Jana alinisubiri njiani. Alizungukazunguka kwanza kwa maneno, akauliza habari za masomo, akauliza habari zako. Halafu akasema:

"Mjukuu wangu, umeifanya kazi vizuri, ila umenisafishia mno. Mke wangu hapumui. Miaka arobaini na mitatu nimelala na ile pumzi sikioni. Kama ile ya kwanza bado unayo, kabla hujaisafisha, nirudishie."

Nikamwambia nitaangalia. Hilo ndilo jibu nililompa, nitaangalia.

Leo baada ya shule niliufungua ule wimbo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sikuwa na tumaini lolote, nilitaka tu niwe nimetazama kweli. Nikafanya kama ulivyoandika, nikanyamazisha wote nikabakiza mmoja mmoja. Nilipofika kwenye maiki ya sauti ya pili, ambako Ama alisimama wakati kwaya nzima inaimba, nikakumbuka maneno yako ya ukurasa wa tisa: "Kupunguza siyo kufuta. Vuta ukingo wa kipande, kilichofichwa kitarudi." Kile kipande kilikuwa kinatumika, kwa hiyo amri haikukigusa. Nikakivuta ukingo wa kushoto. Zikatoka sekunde kumi na moja nilizokuwa nimezificha mwenyewe ili wimbo uanze vizuri. Kuna viti vinaburutwa, kuna mtu anakohoa, halafu Ama Rozalia anasema kwa sauti yake:

"Ngojeni kwanza nipumue. Mzee kanikimbiza na ndama wake tangu asubuhi."

Wanawake wanacheka. Halafu anapumua, ndefu, na ule mluzi wake. Halafu kwaya inaanza.

Nimesikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuandikia. Mimi ndiye niliyemwambia haijawa safi.

Jumapili jioni

Kaka, bahasha nilikuwa sijaifunga, kwa hiyo naendelea.

Jana nilikwenda kwa Mzee Yohani. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi nisije nikanyamaza, nikayasoma nimesimama, yeye akipepeta maharage. Nilimwambia yote, kuanzia zile mara tatu. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akauliza kama siku ile makaburini walimlilia mtoto wa jirani. Nikajibu ndiyo, babu. Akaweka ungo chini. Sikuthubutu kuomba msamaha, nilihisi ningekuwa namdai kitu.

Kisha nikamwekea zile sekunde kumi na moja. Akaomba nirudie. Mara ya tatu akasema, si kwangu, kwamba ndama mwenyewe siku ile alikuwa zizini, hawakumwona tu. Akageuka, akafuta uso kwa mkono wenye vumbi la maharage.

Halafu akanipa simu, akaniambia ule wimbo niufute mwenyewe. Nikaufuta. Akasema yeye hatawaambia kwaya, nitawaambia mimi.

Leo baada ya misa, kabla hawajatawanyika, nilisimama nikawaambia. Sauti yangu haikusikika, nikaombwa nirudie, nikarudia. Mama alitoka nje. Watoto wa Ama wawili hawakunijibu salamu, na sikuwalaumu. Mwalimu Wilibrodi alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Daftari lako nimelifunga pamoja na barua hii, Dickson akukabidhi mkononi. Katika ukurasa wa kumi na nne, chini ya maelezo ya kuondoa pumzi, nimeandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: muulize kwanza mwenye pumzi.

Baba anakusalimu. Mama bado hajaongea nami, ila chakula changu aliniwekea. Wasalimie walimu wenzako na wale watoto tisini.

Mdogo wako,
Hyasinta